Salamu za Mei Mosi: Tuwakumbuke Waliofia Kazini

Ndugu wafanyakazi wenzangu wa Mwanza, pamoja nanyi mlioko Ukerewe, Sengerema, Geita na visiwani kote, kwa niaba ya kamati ya tawi letu la kiwanda cha minofu nawatakia heri ya Mei Mosi, afya njema na baraka tele katika familia zenu. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena siku hii, maana wapo tulioandamana nao mwaka jana ambao leo hatunao.

Mwaka umekuwa mgumu. Unga, sukari, mafuta ya kula na nauli vyote vimepanda, na mshahara haukuvifuata. Mtu aliyeacha watoto bila chakula hakatai zamu ya pili usiku huohuo, wala hathubutu kumwambia msimamizi kwamba glavu zimechanika na sakafu inateleza kwa maji na mafuta ya sangara. Kwa sababu hiyo sitaki salamu hizi ziishie kwenye nyongeza ya mishahara, ingawa nyongeza tunaidai na tutaendelea kuidai.

Tarehe 28 Aprili ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambayo Shirika la Kazi Duniani lilianza kuiadhimisha mwaka 2003, wakati vyama vya wafanyakazi vilikuwa tayari vimeifanya siku ya kuwakumbuka waliokufa na walioumia kazini. Kwetu hupita kimya, watu wakiwa katika mbio za fulana na kofia za maandamano. Na Mei yenyewe ni mwezi mzito kwa watu wa Ziwa Victoria letu hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilizama ikija Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800, na wengi wamelala pale makaburi ya Igoma. Tunapowaombea abiria, tuwataje pia mabaharia waliokuwa zamu na wachuuzi waliokuwa safarini kutafuta riziki, kwa kuwa nao walifia kazini.

Mniwie radhi nikilitaja na la nyumbani kwetu. Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku mmoja wa giza, wakiwa wamekwisha kuwasha taa katikati ya maji, upepo uliwakuta na mtumbwi ukajaa. Wenzake waliokolewa, yeye akapatikana baadaye ufukweni. Hakuna aliyekuwa amevaa jaketi okozi. Baada ya matanga, mwenye mtumbwi alikuja na daftari, nami nikalishika kwa mikono yangu. Chini ya jina la marehemu palikuwa na petroli, chakula cha kambini, na mwisho, kwa kalamu nyekundu, taa moja na betri yake, vilivyozama. Vyote vilikatwa kwenye fungu lake. Mama yetu alipewa kilichobaki, pamoja na ndoo ya dagaa.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008, ambayo mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, na faida zake ni matibabu, malipo ya ulemavu, gharama za mazishi na pensheni kwa wategemezi. Lakini mvuvi anayelipwa kwa mgao, kuli wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba anayelipwa kwa gunia na mchimbaji mdogo anayelipwa kwa viroba vya mawe, kwa kawaida hawana mkataba, na hakuna anayewachangia hata shilingi. Jasho lao ni kazi siku zote, ila likija jeneza wanageuka kuwa watu waliokuwa wakijitafutia.

Enyi matajiri wa mitumbwi na wenye viwanda, mcheni Mungu. Uhai hauna spea. Jaketi okozi linunuliwe kabla ya taa, na mashine ifungwe kinga yake kabla ya kuwashwa. Nasi wafanyakazi tusiwacheke wenzetu wanaovaa vifaa vya kinga, tusifiche majeraha kwa kuogopa kufukuzwa, na mtu akiumia tuandike siku hiyohiyo saa, mahali na majina ya walioshuhudia, kwani madai mengi hufia kwenye karatasi ambazo hazikuandikwa. Vyama vyetu viwafuate wavuvi mialoni na kuwadai wenye mitumbwi mikataba.

Kamati imekubali kwamba mwaka huu, kabla ya mfanyakazi hodari kuitwa kupokea zawadi yake, tutasimama na kusoma majina ya marehemu wetu, wenye mikataba na wasio nayo. Familia ziwasilishe majina kwa katibu kabla ya maandamano kuanza. La mdogo wangu nimekwisha kuliandika.

Heri ya Mei Mosi kwenu nyote, na Mungu awalinde mkiwa kazini.