Barua ya wazi kwa wajukuu zangu mliooa na mlioolewa

Wajukuu zangu,

Nilikusudia kunyamaza, lakini yaliyotokea Jumapili hapa Tanga, kwenye chakula cha kumkaribisha binamu yenu, yamenikosesha usingizi. Mmoja wenu alikuwa akiwasimulia wageni jinsi gari lilivyotuharibikia njiani. Mkewe, kwa sauti ya chini kabisa, akamkumbusha kwamba ilikuwa Segera, si Muheza. Kijana akamgeukia: "Nani kakuuliza?" Wanaume wakacheka. Binti wa watu akainua sahani yake, akaenda kula jikoni pamoja na wapishi, na hakurudi.

Muda si mrefu kijana huyohuyo aliniletea maji ya kunawa kwa mikono miwili, samahani bibi, karibu bibi. Kumbe maneno ya adabu anayo!

Hilo ndilo linaloniudhi. Nilikaa miaka tisa katika baraza la usuluhishi wa ndoa la kata, ambako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huwapeleka wanandoa kwa kawaida kabla ya kudai talaka mahakamani, na kila mara niliona jambo lilelile: mume anamwita mwenyekiti "mheshimiwa", anamsubiri karani amalize kuandika, kisha anamwambia mkewe, "We, funga mdomo." Ugomvi wenyewe mara nyingi ulianzia kwenye ada ya shule au simu iliyozimwa, kilichowafikisha barazani ni namna walivyojibizana. Hakuna aliyekosa lugha. Walikosa kumhesabu mwenzao miongoni mwa watu wanaostahili lugha hiyo. Anayeamini kwamba mahari ilimnunulia mtu wa kumtuma, hata akifundishwa kusema "tafadhali", ataitamka kama amri. Na mahari, kama mmesahau, ni haki ya mwanamke, si bei yake.

Nanyi wanawake msitabasamu. Mimi mwenyewe, mwaka wa pili wa ndoa, nilimnunia babu yenu siku tatu, nikajifunga kanga yenye jina la kumchoma, nikawa napita nayo mbele yake asubuhi na jioni. Hakuisoma, maana miwani yake ilikuwa imevunjika. Walioisoma ni majirani. Leo mnaandika mafumbo yenu kwenye status, na mtaa mzima unajua kosa kabla ya mkosaji.

Mengine nayataja tu. Msigombane mbele ya watoto. Mama wa mwenzako asiingizwe katika ugomvi. Anayeomba radhi aachwe amalize. Mwenzako akizungumza, simu ilazwe kifudifudi. Kuhusu kuinua mkono sina nasaha: kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kimekataza, mila iseme itakavyo.

Lawama nyingine ni yetu sisi wazee. Bibi harusi tunamkalisha na somo, yule mwanamke wa kumfunda, anafundishwa kunyenyekea, kuvumilia na kuficha siri za nyumba. Bwana harusi tunampiga begani na kumwambia awe mwanamume, kana kwamba kusikiliza ni kazi ya upande mmoja. Kisha tunashangaa akimkata kauli mkewe mbele za watu, na wengine wetu, Mungu atusamehe, tunacheka.

Wewe wa Jumapili, mkeo hakukosea. Ilikuwa Segera. Nami nilikuwa kiti cha nyuma.

Bibi yenu