Mwezi Umeandama, Swalehe

Kansanga, Kampala
Jumapili jioni

Ndugu yangu Swalehe,

Salamu zako zimefika, na swali lako nalo limefika: "Tasnifu imefikia wapi?" Kaka, hapa hosteli hilo ni tusi. Anayeliuliza hutozwa kikomando kimoja, na kwa kuwa umekaa Dar hadi ukazoea wali samaki, nikukumbushe: chapati iliyokatwakatwa, ikamwagiwa maharagwe. Deni lako nimeshaliandika ukutani.

Yale maneno ya wanachuo wa Dar uliyonitumia, ya kudesa (kunakili kwa mwenzako), kudisko (kufeli hadi ukaondolewa chuoni) na kula nondo (kusoma kwa bidii), niliwasomea wenzangu wakacheka hadi jirani akagonga ukuta. Chumbani tuko watatu: Mlugbara wa Arua, Mkenya wa Busia na mimi mtoto wa kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachotuweka pamoja. Ila hayo yenu mengi ni maneno ya mtihani, na mtihani una tarehe. Tasnifu haina. Ngoja nikupe ya kwetu.

Msimamizi wangu tunamwita Mwezi. Wiki nzima watu wanatazama dirisha la ofisi yake kama wazee wanavyotazama magharibi siku ya 29 ya Shaabani. Mmoja anaapa ameliona gari lake, mwingine anasema lile ni la mhasibu, ubishi unazuka uleule wa kila mwaka, kama tufuate Saudia au tungoje wa hapa nyumbani. Halafu ghafla ujumbe unaingia kwenye simu: "Umeandama!" Juzi ulinikuta na povu la sabuni kichwani. Nilidandia boda hivyohivyo, nikafika, nikaambiwa ametoka sasa hivi kwenda kikaoni. Basi tukakamilisha thelathini.

Siku niliyompata, aliniuliza neno moja tu: "Pengo?" Pengo la utafiti, ndugu yangu, yaani lile jambo ambalo bado hakuna aliyelitafiti. Huku siku hizi ukikutana na mwenzako asubuhi humwulizi ameamkaje, unamwuliza kama ana pengo. Langu la kwanza lilikuwa limezibwa na Mnaijeria tangu 2019. La pili nililitafuta miezi miwili, nikampelekea kwa fahari. Akasoma, akavua miwani. "Hili si pengo," akasema. "Huu ni mwanya. Unapendeza, lakini hakuna haja ya kuuziba." Nilicheka kwa adabu, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Tangu siku hiyo, mtu akiwa na mada nzuri isiyokwenda popote, hapa tunasema ana mwanya.

Sura ya pili, ile ya kupitia maandishi ya waliotangulia, tunaiita uji. Sikuelezi kwa nini, nawe umeshaukoroga.

Lakini neno lenye kisa ni kupika, yaani kubuni majibu ya utafiti. Najua hata huko mnapika data, ila sidhani mmewahi kuona jiko kama la chumba chetu. Mkenya wetu anatafiti waendesha boda. Alipata chama chenye wanachama 500, akaenda kwa Morgan. Unalijua lile jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, linalokuambia uhoji watu wangapi: ukiwa na watu 100 linakudai 80, ukiwa na 500 linakudai 217. (Mwaka huohuo wa 1970 ndipo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa, Makerere, Nairobi na Dar kila kimoja kikashika njia yake. Tumegawana kila kitu, jedwali la Morgan tu ndilo tumebaki nalo sote.)

Sasa wapate watu 217 wenye haraka! Alipata kama 60. Waliobaki walimwambia apande au awapishe abiria. Usiku mmoja akakaa chini na kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, akawa anabadilisha mikono: akiandika kwa kushoto ni mzee wa miaka 50, kwa kulia ni kijana wa juzijuzi. Sisi tulimchemshia chai, sikufichi. Alfajiri pilau ilikuwa imeiva.

Mwezi akayapokea madodoso, akayapekua taratibu. Kuhusu majibu hakusema lolote. Akainua karatasi moja, akaigeuza kwenye mwanga. "Kijana, waendesha boda 217, na hakuna hata karatasi moja yenye doa la oili?" Kisha akageukia hesabu. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya dodoso yanavyowiana, ile ambayo sisi wengine tunaiombea dua ifike 0.7, ya huyu bwana ilikuwa 0.99. Mwezi akamrudishia mzigo wake. "Umepika mpaka umeunguza. Kaoshe sufuria."

Kumbe neno analijua! Tulidhani ni siri ya wanafunzi. Mlugbara anasema lazima naye alipika enzi zake, kwani harufu ya kuungua anaijua mpishi. Mimi simwamini. Naona mtu akishasoma madodoso ya wanafunzi miaka yote hiyo, pua inajifunza yenyewe. Tumebishana hadi leo mchana.

Mkenya sasa anashinda stejini. Ameacha kuwauliza watu wakiwa na abiria. Anawangoja saa nane, jua likiwa kali na kazi imelala, anakaa nao kivulini anawasomea maswali mwenyewe. Jioni anarudi na karatasi zenye alama za vidole vya grisi, anatuonyesha moja moja kama vyeti. Amefika 140. Anasema majibu ya kweli hayafanani kabisa na yale aliyoyapika, na kwamba wazee aliowaandika kwa mkono wa kushoto walikuwa wapole mno.

Mimi sura ya nne naianza kesho. Neno "kesho" nalo lina faini hapa, kwa hiyo barua hii usimwonyeshe mtu.

Mama yako nilimpitia Jinja wiki jana, mzima, anakusalimu. Kikomando changu nitumie kwa simu, na ukiongeza ya parachichi sitairudisha.

Ndugu yako,
Musa