Umehesabu vibaya, shoga

Reading, Uingereza, 9 Novemba 2025

Shoga yangu Asha,

Asalamu alaykum. Huku wazima, mguu wa mama unaendelea vyema, na yale ya Bi Rukia tutayazungumza ukija maana hayaandikiki. Leo nakuandikia kwa ile picha uliyonitumia, ukurasa wa kwanza wa lizi ya fleti yako, ule mkataba wa kuimiliki kwa miaka iliyohesabiwa. Umehesabu vibaya miaka uliyobakiwa nayo, na lizi hiyo ni ya kurefushwa mapema.

Wewe umeanzia tarehe ya juu kabisa, 14 Agosti 1989, ukajumlisha 125, ukajiona una miaka karibu 89. Ile ni tarehe ya kutia saini. Shuka chini, palipoandikwa muda wenyewe: miaka 125 kuanzia 29 Septemba 1982. Fleti za kaunsili walizouziwa wapangaji mara nyingi ndivyo zilivyo, wa kwanza kununua kwenye jengo huwa amewawashia saa wote. Yako inakwisha Septemba 2107. Umebakiwa na 81 na miezi kumi. Septemba 2027 utagusa 80, na hapo ndipo penye shimo.

Tuseme fleti ina thamani ya £300,000. Lizi ikiisha fleti inarudi kwa mwenye jengo, basi wathamini wanairudisha thamani hiyo nyuma kwa 5% kwa mwaka, kiwango cha fleti tangu kesi ya Sportelli, na kwa miaka yako inabaki kama £5,500. Kodi ya ardhi ya £10 kwa mwaka haiongezi hata £150. Basi bei ya kurefusha leo ni kama £5,600. Ukishashuka hadi 80, mwenye jengo, yaani kaunsili, anadai na nusu ya faida inayotokana na kurefusha. Wenyewe wanaiita thamani ya ndoa. Ndoa gani hiyo, bibi harusi ndiye anayetoa mahari! Tukikadiria kwamba fleti ya miaka 79 na kitu inauzwa kwa 94% ya bei kamili (hapo wathamini hugombana sana), unavuka £10,000. Kuta zilezile, na lile bomba la jikoni linalovuja lilelile.

Najua Salim atakwambia ungoje sheria mpya ya lizi. Kweli imepita, Mei 2024, na inafuta thamani ya ndoa na kutoa miaka 990. Lakini vipande hivyo havijaanza kutumika. Kilichoanza, 31 Januari mwaka huu, ni kufutwa kwa sharti la kumiliki miaka miwili kwanza. Kungoja kunamfaa mwenye lizi iliyobakiwa na miaka 65, yeye shimoni keshaingia. Wewe ungali ukingoni.

Na ile barua ya kaunsili usiisaini. Wanakupa miaka 125 kuanzia leo, yaani nyongeza ya 43 tu. Kwa sheria ya lizi ya 1993 ni haki yako kuongezewa 90 juu ya ulizonazo, jumla 171, na kodi ya ardhi inakuwa punje ya pilipili manga. Ndivyo sheria inavyosema, nisikusikie umewapelekea kweli. Halafu mazungumzo ya nje ya sheria hayasimamishi saa. Wakikuzungusha mwaka mzima, hasara ni yako.

Kinachosimamisha saa ni notisi ya kifungu cha 42 cha sheria hiyo ya 1993, yaani ombi lako rasmi la kurefushiwa. Bei inahesabiwa kwa siku notisi ilipotolewa, hata mkibishana miaka miwili. Kabla yake tafuta mthamini anayefanya kazi za lizi hasa, si dalali wa nyumba. Bei utakayoitaja ndani iwe ya chini lakini ya kweli. Ukiandika £1,000 kwa ujanja, mahakama inaweza kusema notisi ni batili. Kaunsili wakitaka amana ni 10% ya bei uliyotaja au £250, iliyo kubwa, na unazo siku 14 za kulipa. Wakili na mthamini wao pia ni juu yako, hata ukijitoa njiani. Hilo watu wengi hawaliweki kwenye hesabu.

Jina la kaka yako lipo kwenye hati, kwa hiyo notisi itoke kwenu nyote wawili. Yuko Maskati, najua, lakini tangu 2014 wakili anaruhusiwa kuwasainia, ila awe na idhini ya kila mmoja wenu.

Kisha kaunsili inapewa angalau miezi miwili ya kujibu. Wakishajibu, mnayo miezi sita: ama mmemalizana, ama umeshapeleka maombi kwenye baraza la kuamua bei (lenyewe halipokei mpaka miwili ya mwanzo ipite). Ukichelewa siku moja, notisi inahesabika umeiondoa, na huruhusiwi nyingine mpaka miezi 12 ipite. Sasa rudi kwenye lile shimo. Notisi ikitoka Januari, wakajibu Machi, ikakuharibikia Septemba 2026, ya pili ni Septemba 2027. Mlangoni kabisa! Ndiyo maana nasema Desemba hii, si Pasaka, wala si 2027 kama ulivyopanga. Na huyo wakili mwambie aweke tarehe ya miezi sita kwenye kalenda mbili, yake na yako.

Ukiuza katikati si neno, notisi inaweza kumfuata mnunuzi, ila lazima akabidhiwe kwa maandishi pamoja na fleti yenyewe. Isiachwe kufanywa baadaye.

Haya, nijibu upesi. Kweli mnarudi Mombasa, au ni maneno ya baridi tu? Kaka yako anapokea simu siku hizi? Nani alikuambia uhesabu kutoka 1989, usiniambie ni Salim? Lizi nzima unayo, au ule ukurasa mmoja tu? Na hiyo barua, Asha, hujaisaini, sivyo?

Wako,
Mwanaidi