Barua ya wazi kwa kaka yangu aliyeacha kutia chumvi

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wangu unausoma, alama za buluu naziona, jibu silioni. Nikipiga anapokea wifi, ananiambia umetoka, na nyuma yake nakusikia ukikohoa. Basi naandika hapa panaposomwa na kila mtu. Wapo watakaokufikishia, unawajua kama ninavyowajua.

Goti linaendeleaje? Mafuta niliyokuachia ni ya kuchulia usiku, si ya kujipaka ukaenda nayo sokoni.

Sasa kitabu.

Usiku ule wa arobaini ya mama wageni walikuwa wameshaondoka, maturubai hayajashushwa, wanawake wako uani wanasugua masufuria ya pilau. Watoto hawataki kulala. Wako, wangu, wa majirani, wamejazana kwenye mkeka wa mama. Nikawatolea kitabu cha Doña Flor, hadithi ya mwanamke jitu, nikawa nasoma na kukigeuza kwa Kiswahili papo hapo. Hakukuwa na kelele, kaka, ulikuwa barazani unasikia. Tulikuwa tumefika pale ambapo kijiji kizima kimejifungia ndani kwa hofu ya ngurumo ya puma, yule simba wa milimani, na Flor ameinuka kwenda kumtafuta. Mwanao mdogo kanishika dera kwa mikono miwili. Ndipo ulipoingia. Ulikitoa kitabu mikononi mwangu, ukakifunga, ukasema, "Leo arobaini ya mama, wewe unawasomea watoto uongo wa Wameksiko." Ukakirusha juu ya kabati, ukazima taa. Ukazima taa, kaka, na mimi nimekaa.

Maneno nimeyasamehe. La kunivunjia heshima mbele ya mawifi nalo najaribu. Lisilonitoka ni mahali ulipokatia. Kurasa chache mbele Flor anamkuta huyo puma, na kumbe ni mdogo tu, ananguruma ndani ya gogo lenye uwazi, na gogo ndilo linaloikuza sauti yake. Hadithi yote iko hapo. Wewe uliwalaza watoto na ngurumo, hawakumwona anayenguruma. Mwanangu aliniuliza ndani ya ndege, "Mama, mjomba anamwogopa Flor?" Sitasema hapa nani gogo na nani puma.

Na hilo neno uongo, litoke kwako wewe? Nani aliyetuapia habari za yule taa wa Raskazone, samaki aliyeruka juu ya bandari akaziba jua, muadhini akaadhini magharibi, Tanga nzima ikafuturu saa nane mchana? Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Hakukuambia uongo haufai. Yeye mwenyewe alituanzaje kila usiku? Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tuliuita kwa jina lake, tukaukaribisha ndani, ukaketi nasi mkekani. Leo umefuga ndevu umesahau.

Ukauliza pia, mbele ya watu, Wameksiko wanatuhusu nini. Sikukujibu kwa sababu ilikuwa nyumba ya msiba. Nakujibu sasa.

Chekechea ninakofanya kazi huku Texas, watoto karibu wote ni wa familia zilizotoka Meksiko na nchi za kusini yake. Wamarekani wana majitu yao ya kutia chumvi ya tangu zamani: Paul Bunyan mkata magogo mwenye fahali wa buluu, Pecos Bill mchunga ng'ombe. Wanaume, na Kiingereza kitupu. Pat Mora, mwanamke aliyezaliwa El Paso mwaka 1942, akatoa jitu lake mwaka 2005, ndiye huyo Flor, na jitu hilo ni mama mtu mzima anayepika. Tortilla zake, zile chapati zao, ni kubwa kiasi kwamba majirani wanaezekea nyumba. Kwa kidole gumba anachimba njia ya mto. Lugha zote anazijua, hata ya nyoka. Michoro ni ya Raúl Colón, rangi za maji na penseli, ngozi ya Flor ina mistari midogo midogo iliyokwaruzwa kama udongo wa nchi yenyewe, na mwaka 2006 ikapata medali ya Pura Belpré. Watoto wangu wa darasani hawaulizi kama ni kweli. Wanabishana kanisa la mtaani kwao lingehitaji tortilla ngapi, na mvua ikinyesha nani atakula paa.

Na huyo Belpré ungemjua ungenyamaza. Alitoka kisiwa cha Puerto Rico kwenda New York kwa ajili ya harusi ya dada yake, akabaki. Mwaka 1921 akaajiriwa maktaba ya Harlem, akatazama rafu za watoto, hadithi za kwao hazimo. Akaanza kuzisimulia mwenyewe, kwa Kiingereza na kwa Kihispania, na vikaragosi mikononi. Mwaka 1932 akachapisha ile ya mende Martina na panya Pérez, na tangu 1996 tuzo ya vitabu vya watoto vya Walatino, watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, inabeba jina lake. Sijasoma popote kwamba ndugu zake walimsema amekwenda ugenini kuharibu watoto. Labda yupo kaka aliyesema, ila hakuna aliyeona haja ya kumwandika.

Ujue hiyo ya Martina nayo ilikuwa begini mwangu usiku ule. Sikuitoa. Humo Pérez anatumbukia kwenye chungu cha wali unaochemka, anakufa, Martina anabaki analia. Nikasema hii si ya nyumba yenye msiba. Kwa hiyo usiwaambie watu kwamba sikufikiri.

Mwingine anaitwa Juan Bobo, wa hukohuko Puerto Rico. Mama yake kamtuma akaazime chungu cha miguu mitatu. Njiani kachoka, kakiweka chini, kakiambia: wewe miguu mitatu, mimi miwili, tembea mwenyewe. Nilipomsikia mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye basi, kwa sababu niliisikia sauti yako, ile ya puani uliyokuwa ukimwigizia Abunuwasi na sufuria yake iliyozaa. Abunuwasi anamdanganya jirani, Juan Bobo anajidanganya mwenyewe, lakini ukiwaweka jiko moja wanapika pamoja. Nani angekiona hicho isipokuwa wewe? Nilitaka nikusimulie arobaini ikishapita, tukiwa wawili barazani. Haikuwezekana.

Unasema unalinda vyetu. Mwaka 1918 Texas ilitunga sheria kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza tu, na kwa miaka mingi watoto wa Kimeksiko waliadhibiwa kwa kusema Kihispania hata uwanjani. Wajukuu wa watoto hao ndio wanaokaa miguuni pangu leo wakisomewa Flor, na maneno ya Kihispania yamo ndani, hayajafichwa. Wewe mlinzi unalipa ada ya inglishi midiamu, na mwanao akiteleza akasema Kiswahili anavishwa kibao shingoni. Aliniambia mwenyewe, akichungulia mlango asije akasikiwa.

Kama mdogo wako nina ushauri mmoja tu. Wasimulie. Baada ya magharibi weka simu chini, kaa nao, uwape yule taa. Wanao hawamjui! Nilipomtaja walidhani nimemtunga mimi. Mimi huku sina baraza wala mkeka, sina bibi wa nyumba ya pili wa kuongezea chumvi ninapopungukiwa. Nina kadi ya maktaba. Ndiyo maana naazima jitu la watu, mwanangu apate kujua kwamba mwanamke wa lugha isiyo ya wakubwa anaweza kujaza mlima mzima. Ningekuwa karibu ningempa mama mwenyewe.

Na kutokuwa karibu si kupenda kwangu. Siku mama anafariki karatasi zangu za kuishi huku zilikuwa bado ofisi ya uhamiaji, ningetoka, nisingerudi. Ulilijua hilo. Ukawaambia ndugu nimechagua kazi. Hela ya sanda nilituma, ya maturubai nilituma, ya ng'ombe wa hitima nilituma, risiti ninazo zote na simu ya kuzipokea ilikuwa yako. Sikusema. Ruhusa ilipotoka nikapanda ndege ya kwanza niliyoimudu, na vitu vya watoto begini, kwa sababu nilijua watu wazima wangenigeuzia mgongo.

Aliyezika ni wewe, sibishi. Uliingia kaburini na goti bovu ukampokea mama kwa mikono yako miwili, na kila swala nakuombea kwa hilo. Lakini tangu siku hiyo hucheki. Wifi analiona, anaogopa kusema. Mimi niko mbali, siogopi.

Kitabu bado kipo juu ya kabati, upande wa dirishani, kama hakuna aliyekihamisha. Kurasa zilizobaki ni chache. Maneno ya Kihispania yaruke, watoto hawatakukamata. Ukifika kwa puma tumia sauti ya puani.

Na hilo kabati lenyewe, nasikia limeshaahidiwa mtu. Mama aliniachia mimi, bibi wa nyumba ya pili ni shahidi, na wewe ulikuwa umesimama palepale mlangoni. Nipigie kabla mkokoteni haujaja.