Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: Ng'ombe ana mkaguzi, mimi sina

Mheshimiwa Kamishna wa Kazi wa jimbo letu,

Salaam kwa heshima. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na jamaa zako nyumbani. Mimi si mzima sana, lakini tutafika huko.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kukasirika kwayo bila kukosea. Binti yangu ataiweka kwa Kiingereza, kama alivyofanya kwa barua zangu tatu zilizotangulia. Hizo naamini mmezihifadhi mahali salama kabisa, maana hakuna aliyezisikia tena.

Sijui kama unanikumbuka. Mwezi wa tisa mwaka jana ulitutembelea kwenye ukumbi wa kanisa, tukakupikia pilau na sombe. Ulikula, ukasifia, ukaongeza. Kisha ukasimama ukasema utafika mwenyewe kwenye kiwanda chetu cha nyama, hapa Marekani, kabla theluji haijaanguka. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mheshimiwa, theluji imeanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena. Tulidhani labda unangoja theluji ya mwaka mwingine, nasi tukanyamaza.

Alhamisi iliyopita ndiyo iliyonitoa kwenye kunyamaza.

Jirani yangu kwenye laini ya kutoa mifupa ni mama mmoja tuliyekaa naye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi. Nitamwita Mama, jina lake liwe mbali na barua hii. Glavu yake ilikuwa imelika pale penye kidole gumba. Kisu kikateleza kwenye mfupa wa bega, damu ikaruka juu ya nyama. Msimamizi akapiga kelele, laini ikasimama. Laini yetu haisimami hata mtu akibanwa na haja, kwa hiyo nikasema moyoni, leo Mungu ametuona.

Kumbe imesimama kwa ajili ya nyama. Wawili walikuja mbio. Mmoja alikuwa na mfuko wa kutupia vipande vilivyoguswa na damu, wa pili ana mpira wa maji ya moto na dawa ya kuosha mkanda. Mama alikuwa kando, mkono ameuviringisha kwenye aproni, akajikongoja mwenyewe hadi kwa nesi. Haikupita saa nzima akarudi na bandeji, glavu nyingine juu yake, akasimama palepale. Ile nyama ndiyo haikurudi. Walisema haifai tena.

Kwenye karatasi wameandika uzembe. Mimi nasema ni kasi. Tangu zamu yetu ipungukiwe na watu sita, ng'ombe wanatupita kama mabehewa. Saa ya kupimia sina na simu haturuhusiwi kuingia nayo, ila mabega yangu yanajua kuhesabu. Labda ni baridi pia, maana baada ya saa mbili vidole havijui kama vimeshika kisu au hewa. Labda ni zile glavu zinazovaliwa na zamu mbili. Mimi si mtaalamu. Wataalamu mnao nyinyi.

Usiku ule nilifika nyumbani alfajiri nikamkuta binti yangu anamalizia kazi ya shule. Yuko darasa la kumi na moja, na wanasoma historia ya Marekani ya mwanzo wa karne ya 20. Nilipomweleza ya Mama akanigeuzia kitabu. Hadithi ilikuwa ya Chicago. Wahamiaji kutoka Lithuania na kwingineko Ulaya, viwanda vya nyama, baridi, visu, vidole. Mwandishi Upton Sinclair aliyaandika hayo kwenye riwaya iliyotoka kama kitabu Februari 1906, akitaka watu wawahurumie wafanyakazi. Wasomaji wakaruka moja kwa moja kwenye kurasa za nyama chafu. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alilenga moyo wa umma, kwa bahati mbaya akapiga tumbo.

Rais Theodore Roosevelt akatuma watu wawili Chicago wakaone. (Ndiye huyohuyo aliyeshuka Mombasa na bunduki zake mwaka 1909, wapagazi wakambebea mizigo. Alikuwa mtu wa kufika.) Mmoja wa hao wawili aliitwa Charles Neill. Unajua cheo chake, Mheshimiwa? Kamishna wa Kazi. Wa serikali kuu, ndiyo, lakini Kamishna wa Kazi. Ripoti yao ilitaja vyumba vya giza na unyevunyevu, ikataja na vyoo. Ilifika Bungeni tarehe 4 Juni, na tarehe 30 Juni Rais akatia saini sheria ya kukagua nyama. Tangu kitabu kitoke mpaka saini, haikufika miezi mitano. Mimi nakungoja tangu Septemba.

Basi ndipo nilipomwelewa yule mkaguzi wa serikali kuu ninayemwona kila usiku. Ni mtu mwema, amejifunza kusema "jambo". Huweka mkono kwenye ini, hubonyeza, huchana tezi kwa kisu chake kidogo, hunusa. Ng'ombe huangaliwa akiwa hai, akaangaliwa tena akishachinjwa. Hiyo ni sheria ya 1906 inavyotembea kwa miguu yake. Mfanyakazi aliingoja sheria yake ya usalama ya nchi nzima mpaka 1970. Ameipata, nashukuru, lakini usiku wa Alhamisi haikuwa na mtu wa kuisimamia mle ndani.

Binti akafungua ukurasa mwingine, New York, 25 Machi 1911, kiwanda cha kushona nguo kimeshika moto. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano waliohamia huko, na mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walishtakiwa, Desemba wakaachiwa. Mtoto akafunga kitabu akaniuliza, "Baba, mlango wenu wa dharura unafunguka?"

Nikamwambia unafunguka. Mheshimiwa, nilimdanganya. Upo nyuma ya marundo ya maboksi, na tangu niajiriwe sijauona hata mara moja.

Nilikuwa na orodha ndefu hapa, ya glavu, kasi, mlango, choo, nesi, na watu sita waliopungua. Binti akasema Baba, mkubwa hasomi orodha. Nimefuta. Nimebaki na neno moja: njoo.

Njoo usiku, saa tano, wakati laini imepamba moto. Usipige simu kwanza. Maafisa wako walipokuja mara ya mwisho sakafu ilioshwa tangu asubuhi, laini ikatembea kwa adabu kama bibi harusi, na aliyetutafsiria maswali alikuwa msimamizi wetu mwenyewe. Ungekuwa wewe ungejibu nini? Njoo na mkalimani wako. Simama karibu yangu nusu saa tu, na usije na hotuba. Sombe tutapika tena, hilo lisikutie shaka.

Mama amenituma nikuambie kidole gumba bado hakihisi kitu, na kwamba kesho ana zamu.

Wako mtiifu,
Mkata nyama, zamu ya usiku, wa nne kutoka mwisho upande wa kushoto