Dijon si Uswisi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Rwanda kuomba kuandaa mbio za magari za Formula 1, ombi alilolitangaza Rais Kagame mjini Kigali Desemba 2024, niliisoma hadi nukta ya mwisho, maana ugonjwa wa langalanga, yaani kuzipenda mbio hizo za magari, ninao tangu utotoni. Ila mwandishi wenu kateleza mara mbili. Kasema Ulaya nzima nchi ndogo yenye historia ya Grand Prix, yaani mashindano makubwa ya mbio hizo, ni Monaco peke yake, kana kwamba Uswisi haimo. Halafu, aya mbili mbele, kasema dereva Keke Rosberg alishinda "nchini Uswisi" mwaka 1982.

Rosberg alishinda Grand Prix ya Uswisi, hilo kweli, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia. Lakini alishindia Dijon, Ufaransa. Waswisi walikuwa wameazima uwanja wa jirani kwa sababu kwao mbio hizo zilikuwa marufuku.

Naishi Bern, na msitu wa Bremgarten huupita kwa baiskeli. Humo ndimo Grand Prix ya Uswisi ilipokimbiwa kuanzia 1934, mzunguko wa kilomita saba na ushei, kwenye barabara za kawaida zilizobanwa na miti. Mvua ikikatika, jua huweza kuwaka kote mjini huku msituni matone bado yanadondoka na lami inang'aa kama imepakwa mafuta. Julai 1948 Mwitaliano Achille Varzi alikufa humo wakati wa mazoezi, barabara ikiwa imelowa, Alfa Romeo yake ikampindukia. Siku chache baadaye, katika mbio zenyewe, akafa Mswisi Christian Kautz. Juan Manuel Fangio alishinda 1951 na tena 1954, na mbio hizo za 1954 zikawa za mwisho humo.

Juni 1955, katika mbio za Le Mans, Ufaransa, gari la dereva Pierre Levegh liliruka likawaangukia watazamaji; zaidi ya watu 80 walikufa. Uswisi ikafuta mbio zake za mwaka ule, na sheria ya barabara ya 1958 ikapiga marufuku mbio za kuzunguka mbele ya watazamaji. Mbio za kupanda mlima, ambazo kila dereva hukimbizana na saa peke yake, ziliachwa ziendelee. Kwa jinsi ninavyoujua ule msitu, siwalaumu kwa kuufunga. Kuifungia nchi nzima kwa miongo yote ile ndiko sikuelewi.

Maana madereva waliendelea kuzaliwa. Jo Siffert wa Fribourg alishinda Grand Prix ya Uingereza 1968 pale Brands Hatch, na uwanja uleule ukamuua kwa moto 1971. Clay Regazzoni wa Lugano aliukosa ubingwa wa 1974 kwa pointi tatu tu. Mwaka 1979, pale Silverstone, Uingereza, aliipa timu ya Williams ushindi wake wa kwanza kabisa, na kwa heshima ya wadhamini, ambao walikuwa Wasaudi, jukwaani hapakuwa na shampeni. Alikunywa maji ya machungwa.

Peter Sauber naye alijenga timu nzima pale Hinwil, akayapa magari yake herufi C kwa ajili ya mkewe Christiane. Mbio zao za kwanza za Formula 1 walizikimbilia bara letu, Kyalami, Afrika Kusini, 1993, na dereva wao JJ Lehto akamaliza wa tano.

Huku Uswisi mbio za magari ya umeme ziliruhusiwa baadaye, Zurich 2018 na Bern 2019. Magari ya Bern niliyatazama mwenyewe. Yalipita yakilia kama mashine ya daktari wa meno, na baadhi ya wakazi waliyapinga hata hivyo.

Naomba basi msahihishe Dijon. Na mkimtuma mwandishi wenu Kigali siku moja, aulize kwanza miti iko hatua ngapi kutoka barabarani.

Mgonjwa wa langalanga,
Bern, Uswisi