Okidi hailindwi kwa kuhesabu maua

Mhariri,

Wanaong'oa okidi, mimea ya maua, porini hudai zitaota nyingine. Zitaoteaje? Mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Isipokutana na kuvu wa kuilisha, haichipui. Halafu kuna mchavushaji, yaani anayebeba chavua toka ua hadi ua. Kisiwani Réunion, katika Bahari ya Hindi, okidi iitwayo Angraecum cadetii huchavushwa na nyenje, mdudu ambaye wengi tunamjua kwa kelele tu! Kamera za usiku ndizo zilizomfichua, akitoka kwenye ua na chavua imemganda kichwani. Mchana usingemwona. Kwa hiyo watafiti wa misitu ya visiwani wasiishie kuhesabu maua. Wachunguze magome ya miti ambako okidi nyingi huota, kuvu na wadudu wa usiku, na wafadhili wawalipie kukesha huko.

Msomaji wako,
Mpenda misitu